Mchango wa Yerusalemu

Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Neno usambe limezeeka katika ndimi zetu. Maana yake ni usiseme. Methali hii hunena na watu wawili kwa pamoja: tajiri humkataza kujivunia kiasi, na maskini humkataza kujificha nyuma ya uchache wa mali yake. Katika historia ya Kanisa lipo tukio moja lililo kama ufafanuzi wake, nalo ni mchango uliokusanywa na Mtume Paulo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, yapata mwaka 55 baada ya kuzaliwa Kristo.

Siku za Kaisari Klaudio, aliyetawala tangu mwaka 41 hata 54, njaa ilitokea, na Wakristo wa Antiokia wakapeleka msaada Uyahudi, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Baadaye Paulo aliwaagiza watu wa Galatia, Makedonia na Akaya wafanye vivyo hivyo. Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, moja ikielekea magharibi na moja mashariki. Walakini Wakorintho waliahidi mapema wakachelewa kutimiza. Wamakedonia, waliokuwa katika dhiki na ufukara, waliomba wenyewe wapewe nafasi ya kushiriki, wakatoa kupita uwezo wao. Paulo hakuona haya kuwasimulia watu wa Korintho habari za ndugu zao maskini.

Tukizichungua nyaraka zake twaona kanuni tatu. Ya kwanza ni utaratibu: kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, ili michango isifanywe kwa haraka mgeni afikapo. Ya pili ni hiari: kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, pasipo kulazimishwa, na kipimo kiwe alicho nacho, si asicho nacho. Ya tatu ni amana: Paulo hakukubali kusimamia fedha ile peke yake. Tito alitumwa pamoja na ndugu wengine, na mmoja wao alikuwa amechaguliwa na makanisa, ili pasiwepo nafasi ya lawama. Huu ndio uwakili. Wakili ni mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine. Siku ya hesabu haulizwi nia yake ilikuwa njema kiasi gani, huulizwa mali i wapi.

Lakini lililo kubwa zaidi ni njia iliyopitwa na fedha ile. Injili ilitoka Yerusalemu kwenda kwa mataifa. Mchango ulitoka kwa mataifa kwenda Yerusalemu. Watoto walimlisha mama. Kwa kutoa, makanisa machanga yalithibitisha kuwa yalikuwa ndugu katika nyumba, wala si wageni mlangoni.

Kwetu Afrika Mashariki njia hiyo ilikawia kufunguka. Henry Venn, aliyekuwa katibu wa chama cha wamisionari wa Kianglikana cha CMS tangu mwaka 1841 hata 1872, alifundisha kwamba kanisa lapasa kujitawala, kujilisha na kujieneza. Fundisho hilo lilikubaliwa kwa vinywa upesi kuliko kwa vitendo. Karibu miaka mia baada ya Venn, mwaka 1971, Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alisimama Milwaukee, Marekani, akaomba wamisionari waondolewe kwa muda usiopungua miaka mitano. Mwaka 1974 wajumbe wa makanisa ya Afrika yote walikutana Lusaka, wakauchukua wito wa kusitisha watu na fedha kutoka ng'ambo. Waliopinga walisema kwamba viungo vya mwili mmoja havitengani. Neno lao lilikuwa na haki, maana Paulo naye alifundisha kusaidiana. Lakini mkono unaopokea siku zote bila kutoa hudhoofu, hata ukasahau kuwa ni mkono. Kanisa la Gatu lilijitwalia neno moja la Kiswahili liwe wito wake: Jitegemea.

Paulo aliupeleka mchango Yerusalemu kwa hofu, akawaomba Wakristo wa Roma wamwombee upate kibali. Kitabu cha Matendo hakisimulii shukrani kwa fedha ile. Kinasimulia jinsi alivyokamatwa hekaluni. Basi hakupata sifa ya mtoaji wala raha ya mtumishi aliyemaliza kazi. Alilokuwa nalo ni hesabu safi, na mashahidi waliosafiri pamoja naye. Mweka hazina wa kanisa dogo kabisa, afunguapo daftari mbele ya wenzake Jumapili jioni, asimama katika safu moja na Tito. Methali yetu yasema kutoa ni moyo. Historia hii yaongeza kwamba kukitunza kilichotolewa ni moyo pia.