Masikio ya Kilindini

Shule ya Allidina Visram, Mombasa, iliwahi kuwa kituo cha siri cha vita. Baada ya ndege za Japani kuishambulia Colombo tarehe 5 Aprili 1942, wavunja misimbo wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza walihamia hapo. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wa WRNS, kikosi cha wanawake cha jeshi hilo, walioitwa Wren.

Baadhi yao walikuwa wamekwisha kuikimbia Singapore, kisha Colombo. Kazi yao ilikuwa kusikiliza. Hedifoni masikioni, penseli mkononi, walinasa redio za Wajapani na kuandika alama za Morse za lugha isiyo yao. Mombasa iko mbali mno na Pasifiki. Mawimbi yalifika yamedhoofika. Katika JN-25, msimbo mkuu wa wanamaji wa Japani, kila neno liligeuzwa kuwa tarakimu tano, kisha zikajumlishwa tarakimu nyingine kutoka kitabu cha pili. Msikilizaji akikosea tarakimu moja, neno linaharibika.

Septemba 1942, opereta mmoja wa Japani alituma ujumbe akasahau kutaja mahali meli ilipo. Akautuma tena, safari hii kamili, kwa ufunguo uleule. John MacInnes na Brian Townend wakalinganisha nakala mbili, na JN-40, msimbo wa meli za mizigo, ukafunguka. Safari za meli hizo zikaanza kusomeka, na nyambizi zikajua pa kuvizia.

Majina ya wanaume hao wawili yamo vitabuni, na wanastahili. Lakini nakala mbili haziwezi kulinganishwa kama hakuna aliyezinasa zote mbili, herufi kwa herufi. Kazi hiyo ya zamu kwa zamu haina saa moja ya ushindi ambayo mwanahistoria anaweza kuisimulia.

Tena walifungwa midomo. Siri za wavunja misimbo wa Uingereza zilianza kutoka hadharani miaka ya 1970. Mzazi aliyefariki kabla ya hapo alizikwa bila kujua binti yake alifanya nini Mombasa.

Septemba 1943 kituo kilirudi Colombo, na madarasa yakabaki kuwa madarasa. Anayewatafuta wanawake wa vita ile asiishie kuuliza nani alivumbua ufunguo. Aulize pia karatasi zile ziliandikwa na mkono wa nani.