Mchoro Mmoja Hautoshi: Usanifu wa Programu na Lugha za Wadau

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa katika kamati ya chuo iliyokuwa ikikagua programu mpya ya kuhifadhi alama za wanafunzi. Wahandisi walitandaza mchoro mmoja mkubwa, visanduku na mishale tupu. Karani wa mitihani akauliza, "Sasa mimi hapo kazi yangu iko wapi?" Hakujibiwa. Sote tukatia sahihi. Muhula ulipokwisha ndipo tulipogundua kwamba programu haikuwa na nafasi ya mwanafunzi anayerudia somo. Karani alilijua jambo hilo tangu mwanzo, ila mchoro haukumpa pa kulisemea.

Wenye taaluma hiyo wamehangaika na tatizo hili kwa miongo mingi. Mnamo 1987, John Zachman wa kampuni ya IBM alichapisha makala iliyorudi kwa wajenzi wa nyumba. Aliona kwamba msanifu majengo hachori ramani moja. Mwenye nyumba huonyeshwa vyumba na sura ya nyumba yake, naye mwanakandarasi huhitaji vipimo na maelezo ya ujenzi. Nyumba ni ile ile, maswali ndiyo tofauti. Basi, alisema Zachman, hata mfumo wa kompyuta una michoro kadhaa ya usanifu, wala si mmoja.

Mwaka wa 1995, Philippe Kruchten aliendeleza hoja hiyo katika jarida la IEEE Software. Aliikosoa michoro inayotaka kusema yote kwa mpigo. Je, kisanduku kile ni programu inayoendeshwa, fungu la msimbo au kompyuta yenyewe? Akapendekeza utaratibu wa "nne na moja". Mchoro wa kwanza huonyesha kazi ambazo mtumiaji atafanyiwa. Wa pili huonyesha shughuli zinazoendeshwa kwa pamoja, kwa faida ya anayejali kasi. Wa tatu ni mpangilio wa msimbo kwa waandishi wa programu, na wa nne ni wa mashine na mitandao yake. Lile "moja" ni visa vya matumizi, ambavyo huiunganisha minne hiyo na kuipima.

Kisha mwaka wa 2000 kikaja kiwango cha IEEE 1471. Hakikulazimisha idadi ya michoro. Kilidai jambo gumu zaidi: wataje wadau, yataje yanayowashughulisha, kisha useme kila mchoro umechorwa kutoka upande gani.

Hapa ndipo sisi watu wa lugha tunapoingia. Kiwango hicho kinatenganisha mambo mawili ambayo sisi huyaita yote "mtazamo": kile kinachoonekana, na mahali aliposimama anayeona. Napendekeza la kwanza tuliite "mwonekano", la pili libaki "mtazamo". Tofauti hii ina kazi. Mwonekano ni wa mfumo mmoja tu, lakini mtazamo wa karani wa mitihani, ukishaelezwa vizuri, utatumika hata katika mfumo ujao.

Leo Mkenya hulipia huduma nyingi za serikali kupitia mifumo kama hii. Siku nyingine kamati ikiletewa visanduku na mishale, asitie mtu sahihi kabla ya kuuliza: wa karani uko wapi?