Athari ya Biefeld–Brown

Athari ya Biefeld–Brown ni msukumo unaotokea pale elektrodi mbili zisizolingana, moja nyembamba na nyingine pana, zinapopewa umeme wa makumi ya maelfu ya volti zikiwa hewani. Kifaa chote husogea kuelekea upande wa elektrodi nyembamba. Tangu miaka ya 1920 msukumo huu umewavutia watafiti wa ridhaa, hasa wale waliotaka kujua vyombo visivyotambulika angani, maarufu kama UFO, vinawezaje kwenda bila rafadha wala moto wa roketi. Msukumo wenyewe ni wa kweli na unapimika. Kilichokosewa ni maelezo yake ya mwanzo, yaliyodai kwamba umeme unapunguza nguvu ya uvutano.

Madai hayo yalitoka kwa Thomas Townsend Brown (1905–1985), mzaliwa wa Zanesville katika jimbo la Ohio, Marekani. Akiwa bado kijana alijaribu bomba la eksirei la aina ya Coolidge, akaona kwamba linataka kusogea kila anapoliwasha, akaamini amegusa uhusiano kati ya umeme na uvutano. Jina la pili katika athari hii ni la Paul Alfred Biefeld, profesa wa astronomia katika Chuo Kikuu cha Denison. Brown alisema walishirikiana, ila chuo hicho hakina kumbukumbu ya majaribio hayo. Mwaka 1928 Brown alipewa hataza ya Uingereza namba 300,311, na mwaka uliofuata akaandika makala katika jarida akieleza jinsi anavyoutawala uvutano.

Katika miaka ya 1950 alitengeneza visahani vilivyofungwa kwenye mhimili, ambavyo vikipewa umeme vilizunguka vyenyewe. Ni rahisi kuelewa mvuto wa tamasha hilo: wakati uleule magazeti ya Marekani yalijaa habari za visahani vya angani, na hapa palikuwa na kisahani kinachokwenda bila injini. Hata hivyo mwaka 1952 mwanafizikia Willoughby Cady alikagua kazi hiyo kwa niaba ya ofisi ya utafiti ya jeshi la majini, na ripoti yake ikasema chanzo ni upepo wa umeme, jambo lililojulikana tangu karne ya 18. Brown hakukubali. Mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa NICAP, kamati ya kiraia ya kuchunguza UFO iliyokuwa na makao Washington. Aliondolewa uongozini mapema mwaka 1957, na nafasi yake ikachukuliwa na Donald Keyhoe, meja mstaafu wa kikosi cha wanamaji. Chini ya Keyhoe, NICAP ilijikita katika kukusanya ushahidi wa watu walioona UFO. Mwaka 1964 ilitoa kitabu chenye taarifa 746 zilizochujwa.

Kifaa kinachoonyesha athari hii vizuri zaidi ni kile kinachoitwa lifta, ambacho wapenzi wa sayansi wa nchi nyingi walianza kukiunda nyumbani kuanzia mwaka 2001. Ni pembetatu ya vijiti vya balsa. Chini huzungushiwa utepe wa karatasi ya alumini, ileile ya jikoni, na sentimita 3 hivi juu yake hupitishwa waya mwembamba kama unywele. Umeme hutoka kwenye transfoma ya skrini ya zamani ya kompyuta. Ukiwashwa kwenye volti 25,000 hivi, husikika mlio wa kuvuma, harufu kali ya ozoni hutanda, na kifaa chenye uzito wa gramu chache hupaa mpaka nyuzi zinazokizuia zikakaza. Anayeijaribu kazi hii ajue kwamba transfoma na skrini za aina hiyo huweza kushika umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Kinachotokea ni hiki. Kuzunguka waya uga wa umeme ni mkali kiasi cha kung'oa elektroni kutoka molekuli za hewa, na hivyo kufanya utando mwembamba wa plazima uitwao korona. Ayoni zinazozaliwa hapo hukimbilia alumini, na njiani kila moja hugongana na molekuli za kawaida mara nyingi mno, ikizisukuma chini. Hewa ikienda chini, na huo ndio upepo wa umeme au wa ayoni, kifaa huenda juu. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha mkondo kwa umbali kati ya elektrodi, kisha gawanya kwa wepesi wa ayoni kusafiri hewani. Miliampia 1 ikivuka sentimita 3 hutoa takriban nyutoni 0.15, yaani inatosha kuinua gramu 15. Hakuna kinachobaki cha kuhusishwa na uvutano.

Jaribio la kuamua ni kuondoa hewa, na hapo ndipo watafiti wa ridhaa walipokwama, tena bila uzembe wowote. Chumba cha ombwe hubakiza gesi kidogo. Kuta zake huvuta kitu chenye chaji. Waya wa umeme nao hukakamaa na kuvuta. Nguvu yoyote ndogo kati ya hizo yaweza kuonekana kama ushindi. Mwaka 2004 Martin Tajmar wa Austria alichapisha vipimo alivyofanya huku akizuia upepo wa ayoni usiingilie, na hakupata msukumo mwingine wowote ndani ya usahihi wa mizani yake. Tofauti na lifta, injini za ayoni za vyombo vya anga, kama Deep Space 1 kilichorushwa mwaka 1998, hufanya kazi katika ombwe kwa sababu hubeba gesi yake yenyewe, zenoni, na kuitupa nyuma.

Hewani, upepo wa ayoni umeendelea kuzaa matunda. Mvumbuzi Alexander de Seversky alipata hataza ya chombo chake cha kuelea mwaka 1964. Mwaka 2018 kundi la Steven Barrett katika chuo cha MIT liliitangazia dunia ndege ya kwanza yenye mabawa kuruka kwa nguvu hii peke yake: upana wa mabawa mita 5, uzito kilo 2.45, na volti 40,000 kati ya elektrodi, zote kutoka kwenye betri iliyobebwa na ndege yenyewe. Iliruka mita 60 ndani ya ukumbi wa michezo, mara kumi, bila sehemu yoyote ya msukumo inayozunguka. Kikwazo kilichobaki ni msukumo mdogo kwa kila mita ya mraba: ili kubeba mzigo wa maana, safu za waya lazima ziwe kubwa mno, na kila waya unaoongezwa unaongeza pia ukinzani wa hewa.