Kamera ya juu ao kamera ya machoni: Fallout, ulimwengu mmoja ulioangaliwa mara mbili

Katika michezo ya uhusika ya kompyuta, ile ambamo mchezaji anabeba mtu wa hadithi, anamkuza, anamchagulia silaha, maneno na marafiki, vijana wanabishana sana juu ya uzuri wa picha na urefu wa mchezo. Kuko swali lingine linalokuja mbele ya hayo yote: kamera iko wapi? Iko juu, kama mtu aliyepanda kilima na kutazama soko? Iko nyuma ya mabega? Ao iko ndani ya macho ya mhusika mwenyewe? Jibu njo linaamua maandishi yatakuwa mengi kiasi gani, mapigano yataendeshwa namna gani, na hata mashine gani itaweza kufungua mchezo.

Mfano ulio wazi ni Fallout, kwa sababu ulimwengu wake ni mmoja lakini ulionyeshwa kwa kamera mbili tofauti kabisa.

Fallout ya kwanza ilitoka Marekani mwaka 1997, kazi ya kampuni Interplay. Hadithi inaanzia California, miaka mingi nyuma ya vita ya nyuklia. Watu wanaishi ndani ya handaki kubwa chini ya udongo. Kifaa kinachoendesha mtambo wa kusafisha maji kinaharibika, na mtu mmoja anatumwa nje kutafuta kingine. Amepewa siku 150. Kamera iko juu, imeinama kidogo, na haizunguki hata kidogo. Namna hiyo inaitwa isometriki: nyumba ya mbali na nyumba ya karibu zinabaki na ukubwa mmoja, na kingo za barabara hazikaribiani kule mbele sawa vile macho ya mtu yanavyoona. (Wenye kupenda hesabu watasema pembe za Fallout si isometriki kamili. Ni kweli, lakini jina limezoeleka.)

Kwa kamera hiyo mhusika ni mdogo kama kidole. Uso wake hauonekani. Basi watengenezaji walijaza pengo kwa maneno. Chini ya ekrani kulikuwa dirisha dogo la maandishi: mchezaji akielekeza kipanya kwa mtu ao kwa kitu, dirisha linamwambia ni nani, ni nini, kiko katika hali gani. Kwa wahusika wachache wakubwa walichonga vichwa vya udongo kwa mkono, wakaviingiza ndani ya kompyuta, na vichwa hivyo vikafunguka vikubwa wakati wa mazungumzo. Wengine wote walibaki na maandishi tu. Hapo mchezaji alilazimika kusoma, na kilichokosekana machoni alikichora mwenyewe kichwani. Ni nguvu kubwa ya kamera ya juu ambayo watu wanaisahau.

Mapigano pia yalifuata kamera. Uwanja uligawanywa katika vijumba vya pembe sita, kila mtu anangoja zamu yake, kila hatua na kila risasi inakula pointi. Mchezaji aliweza kuchagua pa kulenga: macho, kichwa, mkono, mguu, na mchezo ukamwonyesha asilimia ya kupata. Kwa kupanga vita, kuona uwanja wote mara moja ni jambo la lazima, kama katika mchezo wa dama.

Ubaya haukukosekana. Kwa vile kamera haizunguki, kitu kilicho nyuma ya ukuta kinajificha. Watengenezaji walifanya ukuta ufunguke kama tundu la duara pale mhusika anapopita, lakini kitu kidogo kilicholala chini bado kilitafutwa kama sindano.

Mwisho wa 2003 Interplay ilifunga studio yake ya Black Isle, na Fallout ya tatu iliyokuwa inatengenezwa huko, nayo ikiwa na kamera ya juu, ikafa kabla ya kuzaliwa. Mwaka 2004 kampuni Bethesda ilipata ruhusa ya kutengeneza Fallout, na mwaka 2007 ikanunua jina lote. Bethesda ilikuwa inajulikana kwa michezo ya Elder Scrolls, inayochezwa kwa macho ya mhusika. Mashabiki wa zamani waliogopa kwamba watapewa mchezo uleule wa Bethesda, isipokuwa umeongezewa bunduki.

Fallout 3 ilitoka mwaka 2008. Mahali sasa ni Washington. Mchezaji anakulia ndani ya handaki, kwa macho ya mtoto kwanza, kisha ya kijana. Siku anapotoka nje, mwanga unamchoma macho, ekrani yote inakuwa nyeupe, kiisha polepole mabomoko yanatokea mpaka mbali. Kamera ya juu haiwezi kufanya hivyo. Kutoka juu, mtu anajua kwamba amefika nje. Kutoka ndani ya macho, anashtuka.

Lakini kila kitu kikawa na bei yake. Umbali ulipungua: katika mchezo wa 1997 safari ilikuwa mstari juu ya ramani, siku zikihesabiwa, na jangwa likaonekana kubwa kweli. Katika ule wa 2008 mtu anatembea kwa miguu, basi vijiji vilisogezwa karibu, na kutoka kimoja mpaka kingine ni dakika chache. Dirisha la maandishi likaondoka, juu ya kila kikombe, kiti na gazeti lililochakaa lazima litengenezwe na lionekane. Kazi iliyofanywa na sentensi moja ikawa kazi ya wachoraji.

Juu ya mapigano, Bethesda ilitafuta njia ya kati. Mchezaji anabonyeza kibonyezo kimoja, wakati unasimama, mwili wa adui unagawanyika sehemu-sehemu, kila sehemu na asilimia yake. Chombo hicho kinaitwa VATS, na ni kumbukumbu ya wazi ya zamu na pointi za zamani. Mchezaji aliweza pia kuvuta kamera nyuma ya mabega amwone mtu wake, lakini pale miguu ilionekana kama inateleza kwenye barafu. Mchezo ulijengwa kwa macho, mabega yaliongezwa tu.

Je, kamera njo iliharibu Fallout, kama wazee wake walivyolalamika? Mwaka 2010 Obsidian, studio iliyoanzishwa na watu waliotoka Black Isle, ilitoa Fallout: New Vegas kwa kamera ileile ya machoni na mitambo ileile ya Bethesda. Mazungumzo marefu yalirudi, na majibu yanayofunguka tu kwa mwenye ujuzi yakarudi pia. Sehemu kubwa ya malalamiko ilikuwa ya uandishi, si ya kamera.

Wengine walikataa kuchagua moja. The Witcher ya Poland, mwaka 2007, ilimpa mchezaji kamera tatu: ya juu sana, ya juu kidogo, na ya mabegani. Dragon Age: Origins ya 2009, kwenye kompyuta, iliruhusu kupanda juu wakati wa vita na kushuka nyuma ya mhusika wakati wa kutembea. Baldur's Gate 3 ya 2023 inatazama vita kutoka juu, lakini mazungumzo yakianza kamera inashuka mpaka usoni. Ni jibu zuri, tena ghali: nyuso zote lazima ziigizwe. Kikundi kidogo kinachojaribu kutengeneza mchezo wa kwanza kisijidanganye na mfano huo. Kama mchezaji ataongoza watu wanne ao zaidi, kamera ya juu inatosha na inapunguza kazi.

Kwa mwenye mashine ya zamani, tofauti ni ya hesabu tu. Fallout ya kwanza ilidai MB 16 za kumbukumbu. Fallout 3 ilidai GB 1 kwa uchache, pamoja na kadi ya picha. Na wale wanaoshikwa na kizunguzungu na kichefuchefu wanapocheza kwa macho ya mhusika, mara nyingi wanapona wakipanua upana wa mwono katika mipangilio, ao wakiketi mbali kidogo na ekrani.

Wazazi nao wana neno hapa. Michezo yote hii miwili ni ya watu wazima. Katika Ulaya Fallout 3 imewekewa umri wa miaka 18. Katika ule wa 1997 kifo kilionekana kwa umbo dogo tu, pamoja na mstari wa maandishi. Katika VATS kamera inafuata risasi polepole mpaka kwenye mwili. Kwa mtoto aliyekwisha kusikia risasi za kweli usiku, hicho si kitu kimoja.