Saint-Pierre, mji chini ya mlima wa moto

Wenzetu wa Goma wanajua maana ya kulala chini ya mlima wa moto. Leo tuwasimulie habari za mji mwingine wa namna hiyo: Saint-Pierre, mji mdogo wa kisiwa cha Martinique, katika bahari ya Karibi.

Wafaransa waliuanzisha mwaka 1635, wakiongozwa na Pierre Belain d'Esnambuc. Utajiri wake ulitoka katika mashamba ya miwa, na miwa ililimwa na watumwa walioletwa kwa nguvu toka Afrika. Tarehe 22 Mei 1848 watumwa waliasi mjini humo, na kesho yake mtawala akatangaza kwamba utumwa umekwisha. Tangu mwaka 1857 wenye mashamba wakaleta kwa mkataba Waafrika wengine wapata 10,000, wengi wao toka pande za chini za mto Kongo. Huko waliitwa “Congo”. Kwa hiyo habari hii si ya wageni kabisa kwetu.

Serikali ilikaa Fort-de-France, lakini biashara ilikuwa Saint-Pierre. Palikuwa na bandari, kanisa kuu la askofu na nyumba kubwa ya michezo. Mwisho wa karne ya 19 wakaaji wake walikuwa karibu 26,000.

Mlima Pelée uko kilometa chache tu toka mjini. Mwaka 1851 ulitupa majivu kidogo, kisha ukanyamaza. Basi watu wakauona mpole. Mwezi wa Aprili 1902 ukaanza tena kutoa moshi na majivu. Tarehe 5 Mei matope ya moto yakafunika kiwanda cha sukari cha Guérin. Wengine wakahama mji, lakini wengi wa vijijini wakaukimbilia. Tarehe 7 Mei tume ya serikali ikasema kwamba mji hauna hatari, maana mabonde yangepeleka moto baharini. Mtawala, Louis Mouttet, akaja mwenyewe kulala mjini pamoja na mkewe.

Kesho yake, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, saa mbili asubuhi, mlima ukapasuka. Haukutoa mto wa moto uliotazamiwa, bali wingu la hewa kali na majivu ya moto. Halikufuata mabonde. Kwa dakika chache watu wapata 28,000 wakafa, mtawala pia. Waliopona mjini ni wachache mno. Tunamjua mfungwa Cyparis, aliyekingwa na kuta nene za chumba chake, na mshona viatu Léon Compère-Léandre.

Mwaka 1910 mji ulifutwa katika hesabu ya miji, ukarudishwa mwaka 1923. Leo wakaaji wake ni kama 4,000, nao wanaishi kati ya magofu.

Methali yasema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kumbe wale walimsikia mkuu, na mkuu hakuwadanganya, kwani alikufa pamoja nao. Kosa lao lilikuwa kupima hatari ya leo kwa kipimo cha jana. Goma imeona moto wa Nyiragongo mwaka 1977, 2002 na 2021. Tusiseme, basi, kwamba tumekwisha kuujua mlima. Ukibadili desturi yake, tuondoke mapema. Nyumba hujengwa tena.