Mtukuru wa Ilongero, pombe iliyokuwa ujira

Mvua za Singida ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, tena hazina subira. Mwenye jembe moja na watoto wadogo hawezi kumaliza palizi peke yake kabla magugu hayajamshinda. Wazee wetu wa Ilongero walilimaliza jambo hilo kwa mtungi. Aliyekuwa na uwele ghalani alimwambia mkewe apike mtukuru, habari zikapita kwa majirani, na alfajiri ya siku iliyopangwa watu walifika na majembe yao. Jua lilipokuwa kali walikaa kivulini wakanywa. Zamu ya jirani ilipofika, nawe ulibeba jembe lako ukaenda.

Harold Schneider, mwanaanthropolojia Mmarekani, alifanya utafiti kwetu Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, na mwaka 1970 akatoa kitabu kuhusu uchumi wa wenzetu Wahi, tawi mojawapo la Wanyaturu. Aliwaona watu wa hesabu kali: nafaka huzaa ng'ombe, ng'ombe hutoa samadi, samadi huotesha nafaka nyingine karibu na nyumba. Zamani nilidhani ametuchora wachuuzi kupita kiasi. Ila bibi yangu mzaa mama, ambaye hakujua kusoma, alikuwa akikumbuka nani alilima hadi kwenye mstari gani, na nani alitokea kazi ikiwa imekwisha, kiu ikiwa imemkausha koo. Huyo wa pili naye alipewa, ila katika kata ndogo.

Kwa bibi nililala kwenye nyumba iliyopakana na miamba mikubwa, ile ambayo mgeni wa Singida huikodolea macho. Kwetu ilikuwa mahali pa kuanikia. Uwele uliolowekwa ulifunikwa gunia bichi mpaka ukatoa vijimizizi, kisha bibi akautandaza juu ya mwamba, watoto wakafukuza kuku. Kimea kilipokauka kilisagwa. Uji ulipikwa kwenye pipa, ukapoa, kimea kikaingia, na kesho yake tulinyweshwa sisi watoto, ukiwa bado mtamu. Siku zilizofuata hatukuusogelea. Bibi alikuwa akiinama, sikio juu ya mdomo wa mtungi, asikilize pombe inavyochemka bila moto.

Nilionja mtukuru wenyewe nikiwa nimemaliza shule. Bibi alichota, akanywa kwanza yeye mbele ya watu wote, ndipo akanipa. Uchachu ulinishika pembeni mwa ulimi, ukafuata moshi wa kuni, halafu machicha yakabaki kwenye meno. Nilikunja uso, wazee wakacheka. Kule kwa Wabaski, kaskazini mwa Hispania, pombe ya matofaa iitwayo sagardo hukingwa kwa bilauri moja kwa moja kutoka kwenye pipa, kidogo kidogo, na wanasema desturi hiyo ilianza na wanunuzi waliotaka kuonja kabla ya kutoa fedha. Kwetu aliyetangulia kuonja ni mpishi, ili anayepewa aone kwamba hakuna kilichotiwa humo. Ndugu wa upande wa baba, ambao ni Waislamu, walilima mistari ileile na kupewa togwa, na sikuwahi kusikia mtu akinung'unika kwamba ujira wao ni mdogo.

Kilichouvunja mpango huu wa kulimiana kwa pombe si dini wala sheria, ingawa Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ilidai leseni kwa pombe ya kuuza. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitoa amri kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi pamoja katika vijiji. Kaya nyingi nchini ziliachana na mashamba ya uani yaliyolishwa samadi miaka na miaka, na majirani wa kulimiana wakatawanyika. Baadaye likaja plau la ng'ombe, kisha trekta, na mwenye trekta anataka fedha taslimu. Alizeti ikachukua ardhi kubwa kwa kuwa huuzwa kwa gunia. Mtama mweupe nao umepata mnunuzi ambaye bibi hakumfikiria: Serengeti Breweries huununua kwa wakulima wa Tanzania ili kutengeneza bia ya chupa.

Mtukuru ukahamia kilabuni, mikononi mwa wanawake wanaonunua nafaka na kuni na kuuza kwa kipimo. Sioni kama wamepoteza. Zamani mke alipika, shamba likawa la mume; sasa hela anaishika yeye.

Jirani yetu mmoja aliwahi kujaribu kuirudisha desturi ya zamani. Mkewe akapika, yeye akawaita vijana wapalilie. Wakauliza, "Shikamoo baba, na hela je?" Ikabidi awalipe kwa ekari. Jioni wakaja kwa mkewe, wakainunua ile pombe.