Zuio la muda na madhara yasiyofidika: somo la kura ya Beni na Butembo

Tarehe 26 Desemba 2018, zikiwa zimebaki siku nne nchi ipige kura, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (CENI) ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi zitasubiri hadi Machi 2019. Kwa Beni na Butembo tume ilitaja Ebola, iliyokuwa imetangazwa Kivu Kaskazini tangu 1 Agosti, pamoja na mashambulizi ya wenye silaha. Waliowekwa kando walikuwa zaidi ya wapiga kura milioni 1.2. Wapiga kura wengine nchini walipiga kura 30 Desemba, na rais mpya akaapishwa 24 Januari 2019.

Tarehe 31 Machi watu wa Beni na Butembo walikwenda vituoni, wakachagua wabunge wa taifa na wa jimbo. Nafasi ya kumchagua rais haikuwapo tena.

Uamuzi mmoja ulizaa madhara ya aina mbili. Kura ya ubunge ilichelewa, lakini ilipigwa. Mwenye haki aliipata, ingawa kwa kuchelewa. Kura ya urais ilipotea moja kwa moja. Hakuna hukumu ya baadaye ambayo ingeweza kuirudisha, wala hakuna fedha ambayo mtu wa Butembo angelipwa akasema haki yake imerudi. Na haikuwa kura ya kupuuzwa: kwa takwimu za tume yenyewe, mshindi, Félix Tshisekedi, alipata kura 7,051,013 na Martin Fayulu aliyemfuata 6,366,732. Tofauti ni kura 684,281, pungufu ya idadi ya waliowekwa kando.

Madhara ya aina hii ya pili ndiyo wanasheria wanayoyaita madhara yasiyofidika. Wengine husema yasiyorekebishika, na si kosa. Mimi nachagua yasiyofidika kwa sababu jina hilo linabeba swali ambalo jaji lazima alijibu: je, huyu akishinda kesi mwishoni, fidia itamtosha? Kama itatosha, asubiri hukumu. Kama haitatosha, mahakama itoe zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha jambo lisitendeke mpaka shauri la msingi lisikilizwe na kuamuliwa.

Afrika Mashariki ina kipimo kinachotajwa kila siku mahakamani. Mwaka 1973, katika shauri la Giella dhidi ya Cassman Brown, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza mambo matatu. Kwanza, mwombaji aoneshe kwamba ana hoja ya msingi yenye dalili ya kushinda. Pili, aoneshe kwamba bila amri hiyo atapata madhara yasiyofidika. Tatu, jaji akibaki na shaka, apime nani ataumia zaidi, mwombaji akinyimwa zuio au mjibu maombi akiwekewa.

Kongo inafuata mapokeo ya Kifaransa, na wanasheria wake huliita ombi la namna hii référé. Sheria ya tarehe 15 Oktoba 2016 kuhusu mahakama za utawala inamruhusu jaji kusimamisha uamuzi wa serikali ikiwa kuna dharura na shaka nzito juu ya uhalali wake. Inamruhusu pia kuchukua hatua za haraka kulinda uhuru wa msingi unaovunjwa waziwazi. Majina yanatofautiana, lakini shabaha ni ile ile: haki isife kabla kesi haijasikilizwa.

Kwa kura ya Beni na Butembo, jambo la tatu la kipimo cha Giella, yaani nani ataumia zaidi, ndilo gumu. Ebola ilikuwa inaua kweli, na uchaguzi wenyewe ulikuwa umechelewa miaka miwili. Kuusimamisha nchi nzima kungewaumiza mamilioni. Lakini zuio si lazima lisimamishe kila kitu. Jaji angeweza kupima amri nyembamba zaidi: kura zipigwe, ila mshindi wa urais asitangazwe mpaka Beni na Butembo nazo zipige. Wenyeji walijua kwamba haki hii ina tarehe yake. Siku ile ile ya 30 Desemba watu wa Beni walipanga foleni, wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakapiga kura waliyojiandalia wenyewe, ingawa walijua kwamba haitahesabiwa.

Kwamba mahakama inaweza kuwahi, Arusha ilishaonesha. Tarehe 9 Novemba 2006 Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake walifungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, wakipinga namna Kenya ilivyowapata wabunge wake tisa wa Bunge la Afrika Mashariki. Tarehe 27 Novemba, siku 18 baadaye, mahakama ilizuia tisa hao wasitambuliwe. Hukumu ya 30 Machi 2007 ikathibitisha kwamba utaratibu wa Kenya ulikwenda kinyume cha Ibara ya 50 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bila zuio, hukumu hiyo ingewakuta wabunge wameshaapa na kukaa vitini.

Mwaka 2018 Kongo haikuwa mwanachama wa Jumuiya. Tangu 11 Julai 2022 ni mwanachama, na mkazi wa Butembo anaweza kupeleka malalamiko Arusha dhidi ya uamuzi wa serikali unaovunja Mkataba. Ibara ya 39 ya Mkataba huo inaipa mahakama hiyo uwezo wa kutoa amri za muda. Ibara ya 30 inampa mlalamikaji miezi miwili tu ya kufungua shauri.

Anayeeleza jambo hili kwa Kiswahili au kwa Kinande, lugha ya wenyeji wa Beni na Butembo, aliseme wazi: kupewa zuio si kushinda kesi, na kunyimwa si kushindwa. Na zuio huombwa mapema. Kati ya tangazo la CENI na kiapo cha rais zilipita siku 29. Nyong'o na wenzake walihitaji 18.